Diwali, Usiku wa Safu za Taa

(Haya ndiyo maneno ya hotuba iliyosomwa na mfasiri mmoja wa Serikali mbele ya wanafunzi wa darasa la jioni.)



Nimeombwa niseme nanyi habari za sikukuu ya Diwali, na kabla sijaanza imenipasa kuungama kosa langu mwenyewe. Kazi yangu ni kufasiri matangazo. Mwaka mmoja nililetewa tangazo fupi lililosema kwamba baadhi ya maduka ya mji yatafungwa kwa ajili ya Diwali. Neno lenyewe sikuliona katika kamusi yangu, na saa zilikuwa zimekwisha. Mtumishi wa mpiga chapa alikuwa amesimama mlangoni akingoja karatasi. Basi nikaandika, "Sikukuu ya Wahindi", nikampa, nikaenda zangu nyumbani nimeridhika.

Siku ya sikukuu ilipofika nikapita kununua sukari katika duka nililolizoea, nikashangaa kuliona li wazi. Nikamwambia mwenye duka, "Heri ya sikukuu, Bwana! Mbona leo hukufunga?" Akanitazama kitambo, kisha akacheka. Akasema, "Ndugu yangu, mimi ni Mwislamu. Sikukuu yangu ni Idi, nawe mwaka jana ulikuja ukala biriani yangu. Tangu asubuhi wamekuja watu kumi kunipongeza kwa sikukuu isiyo yangu, wala sijui habari hiyo wameitoa wapi." Mimi nilijua walikoitoa. Nikachukua sukari yangu nikatoka kimya.

Mtaniambia kosa hilo ni dogo, wala hakuna aliyeumia. Walakini mimi sioni kuwa ni dogo. Tumekaa na watu hawa mtaa mmoja kwa vizazi kadhaa. Twanunua kwao nao wanunua kwetu. Watoto wetu wameketi pamoja madarasani. Na mwaka 2017 Serikali ya Kenya ilitangaza kwamba raia wa asili ya Kiasia wahesabiwe kuwa kabila la 44 la nchi hii. Mtu akiwa kabila la nchi yako, nawe hujui ni yupi kati yao awashaye taa na ni yupi asiyewasha, wala hujui kwa nini, basi umemhesabu tu, kumjua bado.

Kwanza tutenganishe maneno mawili yanayofanana. Mhindi ni mtu ambaye asili yake ni Bara Hindi, awe wa dini yo yote. Mhindu ni mtu wa dini ya Kihindu. Mabohora na Makhoja ni Wahindi, lakini ni Waislamu. Wagoa walio wengi ni Wakatoliki, na taa zao huwashwa wakati wa Krismasi. Wazee wetu wa pwani walilielewa jambo hili kuliko sisi tukaao ofisini, kwa maana walikuwa na neno la pekee kwa mfanyi biashara aliye Mhindu: walimwita Baniani. Neno hilo limebaki katika methali, Baniani mbaya kiatu chake dawa. Methali hiyo si ya adabu sana. Lakini tafadhalini, hicho kiatu niwekeeni kando, maana nitakihitaji baadaye.

Sasa tulitazame jina la sikukuu. Diwali ni neno lililofupishwa kutoka Kisanskriti, dipavali. Dipa ni taa, na avali ni safu. Kwa hiyo maana yake si taa tu, bali taa zilizopangwa moja baada ya nyingine, juu ya ukuta, penye kizingiti, madirishani na kando ya ngazi. Taa yenyewe kwa asili ni kitu duni: kibakuli cha udongo cha kuenea katika kiganja, kimetiwa mafuta au samli, na utambi wa pamba umelazwa ukingoni. Aliyejifunza kusoma mbele ya koroboi hahitaji kuelezwa zaidi. Moja peke yake haifukuzi giza hata la chumba kimoja, ndiyo sababu zikapangwa safu.

Na usiku wenyewe umechaguliwa kwa makusudi. Waislamu hungoja mwezi uandame, uonekane kwa macho, ndipo sikukuu iwe. Diwali ni kinyume chake. Huwa usiku ule ambao mwezi hauonekani kabisa. Kwa hesabu ya Wagujarati, ni usiku wa mwisho wa mwezi uitwao Aso. Kalenda yao hufuata mwezi kama ya Kiislamu, ila kila baada ya miaka mitatu hivi huongezwa mwezi mzima, ili miezi isiyakimbie majira. Ndiyo maana Idi huzunguka mwaka wote, mara jua kali, mara masika, lakini Diwali haitoki nje ya siku zilizo kati ya katikati ya Oktoba na katikati ya Novemba.

Majira hayo yana maana yake. Katika India ya magharibi, mvua kubwa zimekwisha na mavuno yameingia. Zaidi ya hayo, bahari imefunguka. Zama za vyombo vya matanga, dhoruba za kusi zilipovuma kuanzia Juni, bandari za Kutch na Gujarat zilifungwa na vyombo vikakaa vikitengenezwa. Baada ya Diwali watu walianza kujiweka tayari kwa kaskazi, upepo ule ule uliowaleta Lamu, Mombasa na Unguja. Basi mfanyi biashara wa Mandvi aliyekuwa akifunga hesabu zake usiku wa taa, uso wake ulikuwa umekwisha kuelekea kwetu.

Ukiwauliza Wahindu wa kaskazini ya India kwa nini taa huwashwa, wengi watakuhadithia habari za Rama. Hadithi hiyo imo katika Ramayana, utenzi mrefu wa Kisanskriti ambao wazee husema mtungaji wake ni Valmiki. Na katika karne ya 16 Tulsidas aliisimulia upya kwa lugha ya watu wa kawaida, ikaingia katika nyumba za wasiojua Kisanskriti. Nitaisema kwa ufupi, ingawa hadithi yenyewe haipendi ufupi.

Mfalme Dasharatha wa Ayodhya alikuwa na wana wanne kwa wake watatu, na Rama, wa kwanza, ndiye aliyestahili kurithi ufalme. Lakini mke mmoja, Kaikeyi, zamani alikuwa amemwokoa mfalme vitani, naye mfalme akamwahidi kumpa mambo mawili, lo lote atakaloomba. Kaikeyi akaiweka ahadi hiyo akiba kama mtu awekavyo fedha. Siku ya kutawazwa Rama ilipokaribia, akaidai: mwanawe Bharata awe mfalme, na Rama aende mwituni miaka 14. Mfalme alilia na kusihi, lakini neno lilikwisha kutoka kinywani mwake. Rama hakubishana. Aliona ya kuwa ahadi ya baba imekuwa deni la mwana. Akavua nguo za kifalme, akaondoka pamoja na mkewe Sita na ndugu yake Lakshmana. Mfalme akafa kwa majonzi.

Bharata hakuwako mjini mambo hayo yalipotendeka. Aliporudi akamkasirikia mamaye, akamfuata kaka yake mwituni, akamwomba arejee. Rama akakataa, kwa kuwa miaka haijatimia. Ndipo Bharata akaomba viatu vya kaka yake, akavitukuza, akaviweka juu ya kiti cha enzi, naye mwenyewe akakaa nje ya mji kama fukara, akiiangalia nchi kwa niaba ya viatu vile.

Sasa nipeni kile kiatu nilichowaomba mkiweke kando. Sisi tumemcheka Baniani kwa kiatu chake. Kumbe katika hadithi anayowasimulia watoto wake, jozi moja ya viatu ilitawala ufalme miaka 14, kwa sababu mtu mmoja hakutaka kuketi mahali pasipo pake. Kila nisomapo hadithi hii, huyu Bharata hunigusa kuliko vita vyote vinavyofuata.

Na vita vipo vya kutosha. Ravana, mfalme wa Lanka mwenye vichwa kumi, akamwiba Sita. Rama akapata jeshi la nyani, Hanuman akaruka bahari kumtafuta Sita, daraja likajengwa juu ya maji, Ravana akauawa. Kuuawa kwake hukumbukwa siku ya Dasara, na kutoka Dasara hata Diwali ni siku 20 hivi. Miaka ilipotimia Rama akarudi kwao, na watu wa Ayodhya wakawasha taa ili aione njia katika usiku usio na mwezi.

Walakini atakaye sababu moja tu ya Diwali atahangaika. Kusini mwa India watakuambia kwamba ni ukumbusho wa Krishna alipomshinda Naraka, jitu lililokuwa limewafunga wanawake maelfu. Huko watu huamka kabla ya mapambazuko, wakajipaka mafuta na kuoga. Bengali usiku huo huabudiwa Kali. Na wako watu wawili ambao napenda kuwataja kwa kirefu kidogo, maana ni jirani zetu, nasi huwachanganya na Wahindu kila siku.

Wa kwanza ni Wajaini. Waoshwal wa Kenya ni watu wa dini hiyo, na asili ya wengi wao ni vijiji vya upande wa Jamnagar, Gujarat. Mwalimu wao mkuu, Mahavira, alifariki mahali paitwapo Pavapuri, na kwa hesabu ya mapokeo yao ilikuwa mwaka 527 kabla ya Kristo, usiku huu huu wa giza. Husimuliwa kwamba wafalme waliokuwapo waliwasha taa kwa kuwa nuru ya elimu ilikuwa imezimika duniani. Basi tazameni: nyumba mbili zimepakana, taa zao ni za namna moja, zote zimewashwa saa moja ya usiku; katika nyumba hii anapokewa aliyerudi, na katika ile anakumbukwa aliyekwenda asirudi tena.

Wa pili ni Masingasinga, ambao mitaani huitwa Kalasinga. Guru wao wa sita, Hargobind, alifungwa na mfalme Jahangir katika ngome ya Gwalior mwanzoni mwa karne ya 17. Mfalme alipokubali kumfungua, Guru akasema hatatoka peke yake, maana wamo humo watemi 52 waliofungwa pia. Mfalme, akidhani amepata hila, akajibu kwamba watatoka wale tu watakaoweza kushika vazi lake. Guru akashonewa joho lenye vishada 52, kila mtemi akashika kishada chake, wakatoka wote. Alifika Amritsar wakati wa Diwali, na Masingasinga huiita siku hiyo Bandi Chhor, yaani siku ya kufunguliwa wafungwa. Hadithi hiyo ilifika kwetu pamoja na reli. Kati ya mwaka 1896 na 1901 waliletwa wafanya kazi wapatao 32,000 kutoka India kujenga njia ya gari la moshi toka Mombasa hata Kisumu, wengi wao watu wa Punjab, Masingasinga, Waislamu na Wahindu. Na wapatao 2,500 walikufa katika kazi ile. Katika kambi za reli usiku mmoja wa giza ulikuwa na maana mbalimbali kwa watu waliokula chungu kimoja.

Nimesema sana habari za hadithi. Sasa niseme habari za nyumba na duka, na hasa desturi za Wagujarati, kwa kuwa hao ndio wengi katika biashara ya Afrika ya Mashariki.

Kabla ya sikukuu nyumba husafishwa kila pembe, kuta hupakwa rangi, na vikuukuu hutupwa. Mbele ya mlango wanawake huchora mapambo kwa unga wa rangi, nayo huitwa rangoli. Sababu ni kwamba usiku wa Diwali hungojewa Lakshmi, mungu wa kike wa neema na mali, naye huaminiwa kwamba hupita nyumba zilizo safi na zenye mwanga. Mimi ni Mkristo, nililelewa misioni, wala sisemi kwamba naamini habari za Lakshmi. Nasema tu kwamba nimepata kuona nyumba nyingi ambazo zingefaidika kwa ugeni wake. Siku ya kwanza, Dhanteras, ni siku ya kununua kitu cha madini, mwenye nacho dhahabu, asiye nacho sufuria. Siku ya pili ni Kali Chaudas. Ya tatu ndiyo Diwali yenyewe, na hapo ndipo penye jambo ambalo sisi wapita njia hatukuliona kamwe, kwa sababu hufanyika mlango ukiwa umefungwa.

Jambo hilo ni ibada ya vitabu vya hesabu, kwa Kigujarati chopda pujan. Daftari jipya, ambalo kwa desturi limejalidiwa kwa kitambaa chekundu, hulazwa mbele ya Lakshmi na Ganesha, yule mwenye kichwa cha tembo, ambaye huombwa kwanza kabla ya kila jambo jipya. Juu ya ukurasa ulio wazi huwekwa unga mwekundu, jani la tambuu, popoo na sarafu. Kisha huandikwa neno Shri, mstari wa kwanza mara moja, wa pili mara mbili, wa tatu mara tatu, hata maandishi yakafanya umbo la mlima. Pembeni huandikwa maneno mawili, shubh na labh, yaani heri na faida, na heri ndiyo inayotangulia.

Huchorwa pia alama ya msalaba wenye miguu iliyokunjwa, ambayo ikimwona mtu aliyesoma habari za Vita Kuu ya Pili humstusha. Asistuke. Alama hiyo, svastika, ni ya kale sana huko India, na jina lake latokana na maneno yenye maana ya hali njema. Hitler na chama chake waliichukua karne ya 20 na kuitia uchafu wao. Mwenye duka anayeichora katika daftari lake hakuikopa kwao.

Lakini kabla daftari jipya halijafunguliwa, lazima la zamani lifungwe, na kazi hiyo si ya kuhani bali ya kalamu. Kwa siku nyingi mwenye duka hujumlisha, hudai na hulipa. Sisi tumezoea kumwona mwenye duka kuwa mtu anayetudai. Wachache wetu wamepata kufikiri kwamba na yeye anadaiwa. Nyuma ya mwenye duka wa kijijini alikuwako mwenye ghala wa mji, na nyuma ya huyo tajiri wa Mombasa au Unguja, na nyuma ya tajiri nyumba ya biashara ya Bombay. Bidhaa zikashuka kwa mkopo toka mkono hata mkono, na fedha zikapanda kwa njia ile ile. Lugha yetu yenyewe inashuhudia. Hundi ni neno lililotoka katika biashara ya Wahindi, na vivyo hivyo bima na laki. Usiku wa Diwali minyororo hiyo yote ilikuwa ikikaguliwa, pete kwa pete. Aliyeshindwa kulipa alijulikana. Nadhani ndiyo maana nyuso za wenye duka wengine huonekana zimekunjamana katika majuma yale ya Oktoba, nasi tukadhani ni ukali wa tabia.

Ulikuwako mwaka ambao madaftari mengi yalifungwa na mapya yasifunguliwe. Agosti 1972 Idi Amin aliwaamuru Waasia watoke Uganda kwa siku 90, na siku ya mwisho ilikuwa 8 Novemba. Diwali ya mwaka huo iliangukia siku chache tu kabla ya tarehe hiyo. Waliokuwa bado Kampala na Jinja, madeni waliyowadai watu hayakuwa na wa kuyakusanya, na wao waliodaiwa hawakuwa na cha kulipia. Desturi hii haina maneno ya kuandika katika ukurasa wa namna hiyo.

Siku hizi mwaka wa hesabu za serikali ya India huanza tarehe 1 Aprili, na wenye biashara wengi hutunza hesabu zao kwa kompyuta. Hata hivyo ibada haikukoma. Kompyuta nayo huletwa mbele ya Lakshmi, ikapakwa unga mwekundu na kuwekewa ua.

Asubuhi ya pili yake, kwa Wagujarati, ni mwaka mpya. Hesabu yao yaitwa Vikram Samvat nayo imetangulia yetu: mwaka ulioanza baada ya Diwali ya 2024 ulikuwa wa 2081. Watu huvaa nguo mpya, huwaamkia wazee na kuwagusa miguu, na huamkiana kwa kusema "Sal Mubarak". Sikilizeni maneno hayo vizuri. Sal ni mwaka kwa Kifarsi, na mubarak ni neno la Kiarabu ambalo sisi tunalo katika baraka na mbaraka. Mhindu ausalimu mwaka wake mpya kwa maneno ambayo mzee wa Lamu angeyaelewa nusu yake bila kufundishwa. Wala tusione ajabu, maana watu wa Makunduchi, Unguja, huuoga Mwaka wao kwa desturi iliyotoka katika Nairuzi ya Waajemi. Bahari moja imewalisha wote.

Siku ya mwisho ni ya ndugu: dada humwalika kaka yake, humpa chakula na kumwombea maisha, naye kaka humpa zawadi. Maduka ya kale hayakufunguliwa kwa biashara mpaka siku ya tano ya mwaka mpya, iitwayo Labh Pancham. Usiku wa Diwali wako pia wachezao karata kwa fedha, wakisema kwamba hiyo ni desturi ya kujaribu bahati. Hilo mimi silisifu, wala Wahindu wengi hawalisifu. Lakini vyakula navisifu bila kujizuia: barfi, ladu, jalebi, na chevda ambayo watu wa Mombasa wameifanya kuwa yao.

Zimebaki fataki, ambazo kwa wengi wetu ndizo Diwali yote. Neno fataki nalo ni la Kihindi. Moshi wake umekuwa tatizo kubwa katika miji ya India, hata mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Juu ya nchi ile iliamuru kwamba usiku wa Diwali zipigwe kwa saa mbili tu, toka saa mbili hata saa nne ya usiku. Kwetu pwani, moto wa furaha uliorushwa angani na mabaharia wa India una historia ndefu. Vasco da Gama alipofika Malindi Aprili 1498, alikuta merikebu nne za watu wa India. Mtu mmoja wa safari yake aliandika kwamba Wahindi wale walimwomba mfalme wa Malindi ruhusa ya kuwafanyia wageni tafrija, na usiku ulipoingia wakapiga mizinga, wakarusha fataki, wakapaza sauti. Haikuwa Diwali, kwa maana ulikuwa mwezi wa Aprili. Lakini sikieni lililo kubwa zaidi: Wareno wale waliwasikia mabaharia wakiita jina, wakadhani wanaita Kristo, wakaandika katika kitabu chao kwamba wamewakuta Wakristo wa India. Wataalamu wa leo husema yaelekea walikuwa Wahindu wakimtaja Krishna. Kwa hiyo mfasiri aliyekosa kabla yangu amenitangulia kwa zaidi ya miaka 500, nami nimepata faraja kidogo.

Mwaka uliofuata kosa langu, tangazo lile lile lililetwa tena mezani kwangu. Safari hii nilikuwa nimekwisha kuuliza. Nikaandika, "Diwali, Sikukuu ya Safu za Taa, ya Wahindu, na siku hiyo huadhimishwa pia na Wajaini na Masingasinga, kila watu kwa sababu yao." Mwenzangu mpanga kurasa akasema ni maneno mengi mno na nafasi ni ndogo. Tukabishana mpaka mtumishi wa mpiga chapa akaketi chini. Mwishowe tukapunguza habari za mnada wa ng'ombe mistari miwili, tangazo likaenea.

Jioni ya sikukuu nikapita kununua sukari. Duka lilikuwa wazi kama kawaida yake. Rafiki yangu akanitazama juu ya miwani yake, akasema, "Leo hakuna hata mmoja aliyenipongeza." Kisha akasogeza mbele yangu sahani iliyofunikwa kitambaa, akasema imeletwa na jirani yake wa mlango wa pili. Ilikuwa barfi. Tukala sote wawili tumesimama, na nje, juu ya ukuta wa jirani huyo, mtoto mmoja alikuwa akiwasha taa ya tatu, akiikinga kwa mkono upepo usiizime.